Nusu Baga ya Mama Adventina

Watu wa Mwanza si wapenzi wa foleni, lakini siku Mwamba Baga ilipofungua milango yake kwa mara ya kwanza, foleni ilianzia kaunta, ikashuka ngazi, ikakunja kona mpaka kwa mama anayechoma mihogo. Spika mbili zilipiga muziki kwa nguvu hadi korongo waliozoea kulala juu ya nguzo za taa wakahama mtaa. Walioinua simu kupiga picha walikuwa wengi kuliko walioshika chakula.

Shimba Masele alifika pale ametoka shifti, bado yuko ndani ya ovaroli nyekundu ya kiwanda cha magodoro kule Nyakato, anakofanya kazi ya ufundi umeme. Bahati mbaya, au nzuri, wahudumu wa Mwamba Baga nao walivalishwa nyekundu. Hajapata hata pa kusimama, akasikia sauti ya kike ikimwita.

"Kaka, samahani. Hii meza haijafutwa."

Akageuka. Binti amekaa peke yake, gauni la kitenge cha njano limemkaa kiunoni kama lilishonwa akiwa ndani, nywele amesuka twende kilioni, na usoni miwani ya fremu nyekundu. Shimba angeweza kusema ukweli. Lakini Shimba na ukweli walikuwa wanasalimiana kwa mbali tu. Akatoa leso yake mfukoni, akafuta meza pole pole, akauliza dada atapenda nini.

Binti akaagiza baga ya nyama bila kitunguu. Shimba akainama kidogo kama walivyokuwa wanainama wale wenye nyekundu halisi, akaenda kupanga foleni. Dakika arobaini. Katikati yake binti alimpungia mkono na kulalamika kwamba huduma yao inachelewa, na Shimba akaomba radhi kwa niaba ya uongozi. Ilipofika zamu yake akanunua baga mbili, akazileta kwenye trei moja, akavuta kiti, akakaa.

Binti akamtazama. "Nyie huku mnakaa na wateja?"

"Wateja wenye miwani tu."

Ndipo macho ya binti yakashuka kifuani kwa Shimba, kwenye maandishi meupe yanayosema Magodoro Lala Poa. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na bila miwani alikuwa mzuri zaidi, jambo ambalo Shimba alimwambia hapo hapo. Kumbe miwani yenyewe haikuwa na kazi. Aliivaa kwa sababu alikuwa anauza miwani dukani pale Barabara ya Kenyatta, na mteja hamwamini muuza miwani mwenye macho mazima. Jina lake Adventina. Kwao Muleba, mkoa wa Kagera, anaishi Butimba kwenye nyumba ya kupanga.

Mapenzi yao yakaanzia kwenye mkate na nyama, yakaendelea hivyo hivyo. Mwaka ule mji ulikuwa umepatwa na homa ya baga. Kila mwezi linafunguka duka jipya: lenye taa za buluu, lenye kuku badala ya ng'ombe, lenye samaki sangara aliyekaangwa kama anadaiwa. Wakakubaliana watayaonja yote, kila baada ya Jumamosi moja, na kila baga itapewa alama kati ya kumi. Shimba alikuwa mkali wa alama. Hakuna iliyovuka saba.

Kwenye kula ndipo walipofahamiana. Adventina alikata baga kwa kisu, vipande vinne, akala kwa utaratibu kama yuko mbele ya padri. Shimba alifungua kinywa mpaka magego yakaonekana, na sosi ikamfuata hadi kwenye kiwiko. Sahani ya chipsi waliyochangia, Adventina alichukua za upande wake tu, hakuvuka mpaka. Shimba alivuka mipaka yote, lakini mwishoni aliacha kitu. Chipsi moja, au tonge la mwisho la baga. Bibi yake kule Magu ndiye aliyemzoesha, kwamba anayekwangua sahani anamwambia mwenye nyumba hakumlisha vya kutosha.

Kila mara alilisukuma lile tonge upande wa Adventina. Kila mara Adventina alilirudisha.

"Kwetu hatuli mabaki ya mwanaume hovyo," alimwambia siku moja, anacheka lakini hatanii. "Mabaki ya mwanaume anakula mke wake."

"Kwa hiyo nikiendelea kuacha?"

"Utaendelea kuwalisha korongo, bebi."

Shimba alilikumbuka neno hilo. Miezi saba baadaye, walipobakiza duka moja tu ambalo hawajalionja, lile la njia ya Capri Point ambalo madirisha yake yanatazama ziwa, alimpigia simu shangazi yake Bernadeta kule Magu akamwambia ameamua. Jumamosi hii, wakimaliza kula, anamwambia Adventina nia yake, na akikubali, shangazi apeleke neno kwa wazee. Shangazi Bernadeta, aliyemlea pamoja na bibi baada ya mama yake kufariki, alimuuliza huo si utani? Shimba akaapa. Shangazi akamwambia aape tena.

Swali la shangazi lilikuwa na sababu zake. Wiki mbili kabla, Shimba alikuwa amemwambia Adventina kwa uso mkavu kabisa kwamba ana mtoto Geita, ana miaka minne, anaitwa Simba. Adventina alilia saa nzima. Halafu ikaja picha: mbwa.

Jumamosi ikafika. Shimba alinyoa, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi mara mbili, akapuliza marashi. Hakula tangu jana yake mchana, nusu kwa sababu ya woga, nusu kwa kutunza nafasi. Alipanda ngazi za lile duka akirudia maneno yake moyoni. Akamwona Adventina dirishani, gauni la buluu, midomo imepakwa rangi kidogo.

Pembeni yake amekaa mama mtu mzima, kitenge na kilemba cha rangi ya kahawa, mkoba mweusi mapajani, na usoni miwani mipya inayong'aa.

"Sapraizi," alisema Adventina, amejaa furaha. "Na mimi leo nimekufanyia. Mama, huyu ndiye Shimba. Shim, mama alikuja kupimwa macho, Jumatatu anarudi. Nikasema hawezi kuondoka hajakuona."

Maneno yote Shimba aliyokuwa ameyapanga yakaanguka mahali fulani kati ya koo na kitovu.

Inabidi tueleweshane hapa, maana bila hili mtu atamwona Shimba chizi. Kwa akina Masele, mwanaume na mama mkwe wake hawali pamoja. Bibi alimfundisha hivyo akiwa na miaka sita, akamfundisha tena kila walipotembelewa na wakwe wa baba zake wadogo. Mama mkwe hashikwi mkono. Hatazamwi usoni. Na zaidi ya yote, haonyeshwi kinywa kilichofunguka. Siku wazee watakapokaa na kulifungua jambo hilo kwa taratibu zake, ndipo mtatazamana. Kabla ya hapo, kufungua kinywa mbele yake ni sawa na kumvulia nguo.

Na chakula kilichokuwa mezani ni baga. Ugali mtu anaweza kumeza kwa siri, ameinamisha kichwa. Baga inataka magego.

Kama angekuwa amekuja kuonana na mama wa rafiki tu, angekula. Lakini moyoni mwake, tangu alipomwapia shangazi mara mbili, yule mama alikuwa mkwe. Na kusema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, kabla hata ya kumuuliza binti, mbele ya mama wa watu, bila mjumbe, kulikuwa ni ukosefu wa adabu kupita wote.

"Shikamoo mama," akasema, akiitazama sakafu, mikono nyuma.

"Marahaba, mwanangu." Mama akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani. Shimba akainama zaidi, akakaa kwenye kiti cha mbali, ubavu ubavu, uso ameuelekeza ziwani.

Mhudumu akaleta trei. Baga tatu, chipsi sahani moja kubwa ya kuchangia, soda. Harufu ya nyama na vitunguu ikampiga Shimba puani, tumbo likajibu kwa sauti ambayo hata meza ya jirani walisikia. Adventina akacheka. Akamwambia mama yake asishangae, huyu anakula kama moto, mwangalie tu.

Shimba hakula.

Adventina akamkanyaga mguu chini ya meza. Shimba akanywa maji funda moja, ameficha mdomo kwa kiganja. Simu yake ikatetemeka mfukoni. Ujumbe: *Acha utani basi. Kula.* Akajibu kwa kidole kimoja bila kuinua macho: *Siwezi. Nitakueleza.* Adventina akausoma, na kile kicheko kikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo.

Mama yeye alikuwa hajagusa chake. Aliomba kisu, akaikata baga yake katikati, pole pole, kwa mkono wa mtu aliyezoea kugawa. Akachukua nusu moja, akaimega pembeni, akatafuna kile kipande na kumeza, ili kila mtu aone. Halafu ile nusu iliyomegwa akaisukuma kwa mikono yote miwili mpaka mbele ya Shimba.

"Kula, mwanangu. Nimeshaonja."

Shimba akainamisha kichwa. "Nimeshiba, mama. Asante sana."

Tumbo likamkana hapo hapo, kwa ngurumo ndefu.

Hakuna aliyecheka safari hii. Nje, kivuko kilikuwa kinapiga honi. Mama alikaa amemtazama kupitia ile miwani mipya, ambayo jambo la kwanza kumwonyesha sawasawa lilikuwa ni kijana aliyegeuzia uso chakula chake. Alipozungumza, alizungumza na binti yake, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Adventina. Muulize mwenzako, nani kamwambia habari zangu?"

"Mama, hakuna mtu amemwambia. Shimba, sema kitu."

Shimba hakujua ni habari gani. Alifungua mdomo, akakumbuka mkwe yuko mbele yake, akaufunga.

Mama akachukua kitambaa cha karatasi, akaifunga ile nusu baga vizuri, akaiweka ndani ya mkoba wake mweusi na kubana kifungo. Akasema kwao chakula hakitupwi. Akasimama, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Adventina akamfuata, na pale juu ya ngazi aligeuka mara moja tu.

Jioni ile, jua linazama nyuma ya mawe ya Bismarck kule ziwani, Shimba alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Adve, mpenzi, nisikilize kwanza."

"Baba yangu alivyokufa," Adventina alisema, kama hajasikia, "baba zangu wadogo walisema mama ndiye aliyemlisha kitu. Miaka mitatu, Shimba. Miaka mitatu hakuna mtu aliyekunywa hata maji nyumbani kwetu. Kwenye misiba anapika, sufuria yake inarudi imejaa. Mimi nilikuwa naimwaga nyuma ya migomba ili asione. Unajua kwa nini anaonja kabla ya kumpa mtu? Si utaratibu tu wa kwetu. Anaonja kwa sababu ya hiyo miaka."

Shimba alikaa chini pale alipokuwa, kwenye ngazi za nyumba aliyopanga.

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Adve, kwetu mtu hali mbele ya mkwe wake. Ilikuwa heshima."

"Mkwe wa nani?"

"Mama yako."

"Umeposa lini?"

Akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia anazidi kuongopa, hata pale alipokuwa anasema kweli tupu. Adventina alimwacha afike mwisho.

"Wiki mbili zilizopita ulikuwa na mtoto Geita," akasema. "Nikalia. Ukatuma picha ya mbwa. Leo umemwaibisha mama yangu mbele ya watu, halafu unaniambia ilikuwa heshima. Mimi nikuamini kwa kipi? Kwenye hiyo sauti yako nitajuaje mahali utani unapoishia?"

Shimba akamwita jina lake.

"Jumatatu asubuhi anapanda basi. Amesema akishapanda, jina lako lisitajwe tena nyumbani. Na mimi niliwahi kumwona mama anakula peke yake miaka mitatu. Sitamwacha mara ya pili kwa sababu ya mwanaume, hata kama nampenda. Na nakupenda, ndiyo ubaya wake. Usinipigie."

Simu ikakatika. Alipojaribu tena, ilikuwa haipatikani.

Akampigia shangazi. Shangazi Bernadeta alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa Kisukuma maneno ambayo si ya kuandika, kisha kwa Kiswahili akamwambia jambo la namna hii haliombewi radhi kwenye simu. Kesho, akitoka kanisani, anakuja.

Jumapili saa saba mchana, shangazi akashuka stendi ya Buzuruga. Mwanamke mnene, anauza mchele kando ya barabara kuu pale Magu, sauti yake inasimamisha malori. Shimba alishangaa kumwona mikono mitupu, maana shangazi hajawahi kutoka nyumbani bila kilo tano za mchele au kuku.

"Nikibeba chakula si nitakuwa nakimbia chakula chao?" akasema, akijipenyeza kwenye bajaji. "Nimekuja na tumbo tu. Na sijaliwekea kitu tangu jana."

Butimba, nyumba aliyopanga Adventina ilikuwa ya vyumba viwili na jiko dogo, na ubavuni mwa ukuta limesimama simtanki kubwa jeusi la maji. Shangazi alimwonyesha Shimba simtanki. Shimba akaenda akasimama nyuma yake. Kutoka pale hakuona kitu, ila dirisha lilikuwa wazi, na alisikia kila neno.

Alisikia hodi. Akasikia mlango, na sauti ya Adventina ikishikwa na mshangao, kisha shikamoo. Akasikia shangazi akijitambulisha bila kuzunguka: yeye ni Bernadeta, shangazi wa yule mpumbavu wa jana. Shimba akahesabu matone ya bomba.

"Karibu ukae," alisema mama hatimaye, sauti ya adabu isiyo na joto.

"Nitakaa, dada. Lakini kabla sijasema lililonileta, nina njaa. Kama kuna kitu jikoni, naomba."



"Unajua unayemwomba ni nani?" mama akauliza.

"Nimesikia. Ndiyo maana sikula njiani."

Shimba alisikia kiti kikisogea, mfuniko wa sufuria, sahani. Harufu ya ndizi na maharage na samaki mkavu ikapita dirishani ikamkuta nyuma ya simtanki na njaa yake ya siku mbili. Akasikia kijiko kikigusa sahani, na sauti ya shangazi, safari hii ya chini, sauti ambayo Shimba hakujua kama shangazi anayo.

"Usionje, dada. Weka kijiko. Nipe hivyo hivyo."

Kijiko kikawekwa chini. Kisha shangazi akaanza kula, na shangazi akila, mtaa unajua. Alikula akaomba nyingine. Katikati ya sahani ya pili Shimba alisikia mtu akivuta pumzi kwa kukatakata, kama anayelia bila kutaka kujulikana, na hakujua ni mama au ni binti.

Aliposhiba ndipo shangazi akaeleza. Aliongea taratibu, hakumpamba mtu. Akasema kijana wao ana utani mwingi, amelelewa na wanawake wawili waliomdekeza, na habari ya mbwa wa Geita ameisikia na ameshamtolea uvivu. Ila hili si utani. Kwao mwanaume akikataa kula mbele ya mama, akamgeuzia uso, akakataa mkono, huyo ameshamweka mahali pa mkwe. Jumatano kijana alimpigia simu yeye shangazi, akaapa mara mbili. Kosa lake ni kwamba aliyaweka yote moyoni halafu akategemea watu watayaona.

"Mimi nilidhani ameniona mchawi," mama akasema.

"Angekuona mchawi angekula, dada. Mchawi anaogopwa, hakataliwi usoni. Wewe amekuonea haya."

Mama akauliza, "Yuko wapi sasa?"

"Nyuma ya simtanki."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu tulipofika. Hawezi kuingia ulipo."

Hatua zikaenda upande wa jiko. Mlango wa friji ukafunguka, ukafungwa. Kisha sauti ya mama, karibu kabisa na dirisha, ikimwambia Adventina ampelekee. Kama ni heshima, ale pale pale alipo. Yeye atakaa amegeuka, hatamwangalia.

Adventina akatokea kwenye kona ya ukuta. Kanga kiunoni, macho mekundu, hakuvaa miwani. Mkononi ameshika kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha karatasi, na Shimba alikitambua kabla hajakifungua. Mkate umekuwa mgumu pembeni, nyama imeganda mafuta meupe, na kona moja imemegwa na meno ya mama.

Hakumsalimia. Alimpa kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma hatua moja, akasimama kumtazama.

Shimba akageukia simtanki, akalipa dirisha mgongo, akafungua kinywa.

"Anatafuna?" mama akauliza ndani.

"Anatafuna, mama."

"Amemeza?"

Adventina akamtazama koo. "Amemeza."

Akala tonge la pili, la tatu. Mkate ulikuwa mkavu kama sponji, na Shimba alikuwa na pupa, na machozi yalikuwa yanamsumbua, na la nne likapita njia isiyo yake. Akaanza kukohoa, ameshikilia simtanki kwa mkono mmoja.

"Mpe maji," mama akasema haraka. "Asije akafia hapa, watasema ni mimi."

Ndani ya nyumba shangazi Bernadeta akaangua kicheko, na baada ya muda, pole pole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani, mama naye akacheka. Adventina alikuwa anakinga maji ya simtanki kwenye kikombe cha bati. Mkono wake ulitulia pale. Alisikiliza kile kicheko mpaka kikombe kikafurika.

Akampa, akasubiri anywe.

"Kwa hiyo tangu jana mimi ni mke wako," akasema kwa sauti ya chini, "na hakuna aliyeniambia."

"Nilikuwa nakuambia baada ya chipsi."

"Uliwaambia wote, Shimba. Shangazi ulimwambia. Mama ulimwambia kwa kumgeuzia uso. Mimi ndiye niliyebaki."

"Nilikosea."

"Niambie sasa. Ila futa mdomo kwanza."

Akafuta kwa leso, ile ile aliyofutia meza siku ya kwanza. Maneno aliyokuwa ameyapanga Jumamosi hayakurudi hata moja.

"Adve, nataka shangazi aje tena, na wazee. Nataka kuja kwenu Muleba, nisimame nje ya nyumba ya mama yako mpaka waniruhusu niingie. Sitaki uitikie kwa sababu ya leo. Ukisema hapana, nitarudisha kikombe na kuondoka."

Adventina alimtazama machoni, jicho moja, kisha la pili, kama anavyowapima wateja. Alikuwa anatafuta mahali kicheko kinapojificha.

"Hiyo baga," akasema, "unaipa ngapi?"

Shimba aliiangalia. Aliona wazi jibu ambalo lingempendeza kila aliyekuwa pale dirishani.

"Nne," akasema. "Mkate umekuwa kama godoro letu la daraja la pili."

Mabega ya Adventina yakashuka, kama mtu aliyetua ndoo. Mkononi mwa Shimba lilikuwa limebaki tonge moja, kama kawaida yake. Hata hakujua kwamba ameliacha. Adventina alilichukua kwenye vidole vyake, lile tonge kavu lenye mafuta yaliyoganda, akaliangalia kidogo, akaliweka mdomoni.

Akatafuna huku anamtazama.

"Adventina," mama akaita kutoka dirishani, bado amegeukia ndani. "Amemaliza?"

Adventina akameza. Akaushika mkono wa Shimba, sosi na vyote.

"Tumemaliza, mama."